Moshi Mweusi na Mafuta ya Baba Njeri

Juzi asubuhi, nikiwa nasoma gazeti barazani kwangu hapa Yamumbi, moshi wa dizeli ulivuka ua ukaniingia puani, na kabla sijainua macho kutazama ulikotoka, moyo wangu ulikwisha kuanza kudunda kama wa mtoto wa shule aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani. Haukuwa moshi wa kawaida. Ulikuwa ule mweusi, mzito, wenye uchungu unaokaa kooni na utamu wa mbali unaofanana na masizi ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Mimi si mtu wa kusisimka ovyo, na walionifahamu nikiwa mwalimu watashuhudia hivyo. Hata hivyo niliacha gazeti likaanguka, nikaenda langoni karibu mbio.

Mjukuu wangu Kibet alikuwa amesimama kando ya gari lake, simu mkononi, uso umemshuka.

"Kugo, hii gari imeisha nguvu kabisa," aliniambia. "Mlima kidogo tu inalia. Nimeuliza wasee kwa grup, wanasema ni pampu. Nitoe hii, niweke ingine."

"Hao wenzako wameliona gari?"

"Hapana, Kugo. Lakini wote wanasema hivyo."

Nilimwagiza alete bisibisi. Hakuwa nayo, kwa maana vijana wa siku hizi humiliki gari bila kumiliki chombo hata kimoja cha kulifungulia, basi akaenda kuiazima kwa jirani. Nilibaki peke yangu katika moshi uliokuwa ukitawanyika polepole, na ghafla sikuwa tena Yamumbi. Nilikuwa Moiben, miguu mitupu kwenye umande, nikilisubiri gari la baba litokee kwenye kona.

Lilikuwa pikapu la dizeli, rangi ya majani makavu, na baba alilipenda kama watu wengine wanavyompenda fahali wa kupigiwa mfano. Kando ya kioo cha mbele kulisimama bomba la kuvutia hewa, refu kupita paa, lenye kifuniko cha duara juu yake. Sisi watoto tuliliita pembe. Baba alikuwa mkulima wa mahindi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu wa sauti kubwa na kicheko kilichotangulia maneno yake. Mama alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule yetu ya msingi, na watu wote, baba akiwa mmoja wao, walimwita Mwalimu. Yeye hakuwa na sauti kubwa. Alikuwa na swali moja tu, ambalo alilitoa darasani, mezani na hata nje ya mlango wa kanisa: "Umeona, au umeambiwa?" Aliyejibu kwamba ameambiwa alitumwa akaone.

Lazima nieleze kwanza jinsi nilivyouelewa moshi katika umri ule, maana bila hilo furaha yangu haitaeleweka. Msimu wa mavuno malori yalipita kwetu yakitoka upande wa Moi's Bridge, yamejaa magunia, na yalipoanza kuupanda mlima wa sokoni yalitoa moshi mweusi kama usiku. Tulikuwa tukikaa ukingoni mwa barabara, mimi na Njeri, binti wa mwenye duka, tukishindana kuchagua lori lenye nguvu kuliko mengine. Kipimo chetu kilikuwa moshi. Lori lililofuka zaidi ndilo lililoshinda. Pikapu la baba halikuwahi kushiriki mashindano hayo, kwa kuwa lilipanda mlima likiwa safi, bila kutoa hata ukungu, na jambo hilo lilinitia aibu.

Kisha, wiki chache baada ya sisi kupukuchua mahindi yetu, pikapu la baba likaanza kufuka.

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Asubuhi ya kwanza lilitoa wingu jembamba. Baadaye wingu likawa kubwa, likafunika kuku, likafunika ua, likaacha masizi kwenye nguo zilizoanikwa. Nilijua sababu yake. Nyanya yangu alikitayarisha kibuyu cha mursik kwa kukisugua ndani kwa mkaa wa mti maalumu, na kadiri masizi yalivyoshika ndivyo maziwa yalivyokuwa matamu na kukaa siku nyingi. Basi nikaamua kwamba baba amepata siri ya kulisugua gari kwa ndani, na kwamba sasa lilikuwa likikomaa. Nilikimbia mlima mzima hadi dukani kumpasha Njeri habari.

"Gari letu limekuwa lori!"

"Wacha uongo," alisema Njeri.

"Kuja uone!"

Alikuja, akaona. Tulisimama pale mlimani, baba akatokea chini amebeba mikebe ya maziwa ya majirani, moshi umetanda nyuma yake hata barabara haikuonekana. Tulipiga makofi na kushangilia. Gari likapanda kidogo, likaanza kunguruma kwa uchovu, baba akashusha gia, akashusha nyingine, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kadiri alivyokanyaga ndivyo moshi ulivyozidi na mwendo ulivyopungua. Nyuma yake akatokea mzee mmoja na mkokoteni wa punda, akampita taratibu, akageuka kumtazama.

"Baba Kiprono, nikufungie kamba?" akauliza, akimwita kwa jina langu.

Njeri alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona uso wa baba kupitia kioo, nao haukuwa uso wa mtu ambaye gari lake linakomaa.

Katika sehemu zetu habari hazikuhitaji redio. Kila asubuhi watu walipeleka maziwa mahali pa kukusanyia, pale juu ya mlima mkabala na duka la Baba Njeri, wakapanga mikebe yao kwa mstari kungoja lori la maziwa, na mikebe ilipokuwa imekaa kimya wenyewe walizungumza. Baba alifika pale amechelewa, amefuka, amechekwa, akauliza kwa sauti yake kubwa, "Sijui ni nini hii. Labda ni mafuta?" Hayo ndiyo maneno aliyoyatamka. Niliyasikia kwa masikio yangu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama kando yake nimeshika kifuniko cha mkebe.

Mafuta yake, kama ya watu wote wa kwetu, yalitoka kwa Baba Njeri. Alikuwa amehamia Moiben kutoka Mkoa wa Kati zamani kidogo, akakodi kibanda cha mabati kutoka kwa mwenyeji mmoja, akauza sukari, chumvi, misumari, na dizeli ya mapipa iliyovutwa kwa pampu ya mkono. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye maneno machache. Kila alipouza dizeli alitandika kitambaa cheupe juu ya faneli ili kuichuja, na alipomaliza alikikung'uta na kukikunja kama mtu anayekunja shuka. Hakuna aliyekuwa amemwomba afanye hivyo.

Katika wiki hiyohiyo "labda ni mafuta" ya baba ilitembea. Ilipofika upande wa pili wa soko ilikuwa imepoteza ile "labda." Ilipozunguka na kurudi kwetu ilikuwa imeota mikono na miguu: Baba Njeri anachanganya dizeli na mafuta ya taa, alionekana akimimina, trekta la fulani limekufa, hawa watu waliokuja walikuja kwa kazi hiyo. Wenye matrekta wakaanza kwenda kununua mjini. Wanawake wakaacha hata kununua chumvi pale, ingawa hakuna aliyesema chumvi ilikuwa na mafuta ya taa. Na baba, ambaye sasa aliisikia habari hiyo kutoka kwa watu wengi walioapa kwamba ni kweli, akaiamini kuliko wote.

Alhamisi Njeri alikuja shuleni bila kitabu cha kusoma. Tuliketi dawati moja.

"Tunahama Jumamosi," aliniambia, akiangalia mbele. "Mwenye kibanda amemwambia Baba atafute mahali pengine."

"Mnaenda wapi?"

"Sijui. Lori linakuja asubuhi." Kisha akanigeukia. "Si ni baba yako amesema?"

Jioni hiyo nilikataa chakula, na mama aliponiuliza sababu nilimwambia yote. Akaweka kijiko chini, akamtazama baba.

"Hayo mambo ya mafuta ya taa," alisema, "umeona, au umeambiwa?"

"Mwalimu, kila mtu anasema!"

"Kila mtu ni nani?"

"Sasa unanipeleka kotini ndani ya nyumba yangu?"

"Nakuuliza tu. Gari ni lako, moshi ni wako. Kesho mwite fundi atoke Eldoret, na aje na dizeli yake."

Fundi Wafula alifika Ijumaa alasiri, mtu mnene, mcheshi, mwenye imani kubwa katika maoni yake. Alikuja na mtungi wa dizeli aliyoinunua mjini. Mama alitoka shuleni na chaki bado vidoleni, akaeleza atakavyo: gari lisipewe tone la mafuta ya Baba Njeri, linyweshwe ya mtungi pekee, kisha tuone. Fundi akaufunga mtungi juu ya paa, akashusha mpira hadi kwenye injini, akaondoa hewa kwenye njia ya mafuta, akawasha. Baba akakanyaga.

Moshi ukatoka mweusi vilevile, ukaifunika chaki ya mama.

Niliruka juu. Nilipiga kelele ambayo mama aliikata kwa jicho moja, lakini niliona pembe za mdomo wake zimetikisika. Baba alizima injini. Mafuta yalikuwa mengine na moshi ulikuwa uleule. Hata mtoto aliweza kuona maana yake.

"Basi ni nozeli," alisema Fundi Wafula papo hapo, akipangusa mikono. "Zinamwaga mafuta badala ya kunyunyiza. Tutazitoa zote."

"Umeona, Fundi, au umeambiwa?"

Fundi alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Mwalimu, hii kazi nimeizoea."

"Umezoea magari mengine. Hili limekuja leo. Moshi mweusi ni nini?"

"Ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri."

"Na moto usiowaka vizuri umekosa nini? Mafuta unayo, mengi kupita kiasi. Umekosa nini?"

Fundi aliangalia moto wa nyanya uliokuwa ukifuka jikoni chini ya kuni mbichi, kisha akaliangalia gari, kisha akamwangalia mama. "Hewa," alisema. "Lakini Mwalimu, chujio la hewa nimelifungua nilipofika. Ni safi. Oili yake pia ni safi."

"Basi kesho tuanze hapo kwenye safi," akasema mama. Giza lilikuwa limeanza kuingia, na fundi akalala kwetu.

Jumamosi niliamka kabla ya jogoo. Nilikaa juu ya ndoo karibu na gudumu la mbele, nimejifunga blanketi, nikiomba lori la kina Njeri lipate pancha. Kulipopambazuka fundi alifungua boneti, akalegeza mpira mnene ulioleta hewa kwenye injini kutoka kwenye chujio, akauchomoa kabisa. Injini ikabaki na mdomo wazi.

"Hakuna vumbi, Mzee. Washa kidogo tu," alimwambia baba.

Baba akawasha, akakanyaga. Nimesikia kwaya nyingi katika maisha yangu, lakini sijasikia tena sauti iliyonipanda mwilini kama ile. Injini ilivuta pumzi, ikaunguruma kwa kifua kizima, madirisha ya nyumba yakatetemeka, kuku wakatawanyika. Nyuma ya gari hapakuwa na kitu. Niliona miti, niliona ng'ombe, niliona mahali ambapo moshi ulipaswa kuwa, na hapakuwa na kitu!

"Rudisha mpira," alisema mama kwa sauti ya juu. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Rudisha, lakini pembe iache nje. Jambo moja kwa wakati mmoja!"

Fundi akarudisha mpira kwenye chujio, akatenganisha chujio na lile bomba refu. Gari likawashwa. Safi. Akaunganisha bomba. Moshi, mweusi, mnene, kama ulikuwa umengojea mlangoni.

"Pembe!" nilipiga kelele. "Ni pembe!"

Wakati huu hakuna aliyenikemea. Fundi alikuwa ameshapanda juu ya bampa, ameondoa kifuniko cha duara, akachungulia ndani. Akaomba waya. Baba akakata kipande cha seng'enge kwenye ua wake mwenyewe, jambo ambalo siku nyingine angempigia mtu kelele, akakikunja ncha kama ndoana. Fundi akakiingiza mpaka kwenye kona ya bomba, akakizungusha, akavuta. Kitu kikakwama. Akavuta tena, taratibu, na kutoka kwenye pembe ya gari kukaanza kuzaliwa kitambaa, kimejisokota, kimejaa vumbi na makapi mekundu ya mahindi, kirefu, hakiishi. Alipokikunjua, katikati ya uchafu kulionekana maua ya manjano.

Mama akakitazama. "Hicho ni kitambaa changu cha kanisa," alisema.

Kilikuwa kimetafutwa nyumba nzima tangu wakati wa kupukuchua. Na sasa tulimwona baba akikumbuka. Wakulima wote wa kwetu walikuwa na desturi hiyo: mashine ya kupukuchua ikifanya kazi, makapi huruka kama nzige, basi kila aliye na gari au trekta lililoegeshwa karibu huliziba pua kwa chochote kilicho karibu, gunia au shati kuukuu, ili lisimeze uchafu. Baba alikichukua kitambaa kwenye kamba ya nguo bila kukiangalia, akakifunga kwenye mdomo wa bomba, akarudisha kifuniko juu yake ili upepo usikichukue. Jioni mvua ilitishia, magunia yakakimbizwa ghalani, na hakuna aliyekumbuka tena kilichokuwa chini ya kifuniko. Injini yenyewe ilikuwa imekimeza kidogo kidogo, siku baada ya siku, hadi kikakaa kwenye kona ya bomba na kulikaba.

"Kumbe ni mimi," alisema baba.

Fundi Wafula alianza kucheka, na nyanya, aliyekuwa amekuja na kikombe cha chai, akacheka pia. Mama hakucheka.

"Nenda nacho juu mlimani," alisema. "Hivyo hivyo kilivyo. Usikioshe."

Nilidaka mlango wa gari kabla haujafungwa. Sijui kama baba aliniona. Tulitoka langoni kwa kasi, tukauona mlima, na baba hakushusha gia. Gari lilipanda kama linalovutwa kutoka juu kwa kamba, upepo ukiingia dirishani, mimi nimeshika dashibodi kwa mikono miwili, nikigeuka kutazama nyuma ambako hapakuwa na wingu, ila barabara nyekundu iliyoonekana yote hadi nyumbani. Ndipo nilipoelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba malori yote tuliyoyashangilia mimi na Njeri yalikuwa yakihema.

Pale juu mikebe ya maziwa ilikuwa imepangwa na wenyewe wapo. Mbele ya duka lilisimama lori, na magodoro yalikuwa tayari yamepakiwa. Njeri alikuwa amekaa juu ya magodoro. Baba alishuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mikebe, akakiinua kile kitambaa.

"Nani aliniambia dizeli ya hapa ina mafuta ya taa?"

Watu walitazamana. Mmoja akamwonyesha mwenzake. Mwenzake akasema aliambiwa na mtu wa trekta. Mtu wa trekta, aliyekuwa pale pale akifunika mkebe wake, akashangaa. "Mimi? Si ni wewe, Baba Kiprono? Ulisimama hapo hapo ukasema ni mafuta!"

Baba alikitazama kitambaa mkononi mwake. Kisha akafanya jambo ambalo nimeliona likifanywa na wanaume wachache tangu siku hiyo.

"Basi sikilizeni tena kutoka kwangu," alisema kwa ile sauti yake iliyofika sokoni. "Mafuta ya huyu mtu ni safi. Gari nililiziba pua mimi mwenyewe, na hiki hapa ni kitambaa cha Mwalimu." Akageuka. "Na mwenye kibanda, kama uko hapo, nimesema uongo juu ya mpangaji wako."

Mwenye kibanda alikuwapo. Alijikuna shingo, akatazama maua ya manjano yaliyojaa uchafu, akasema kwamba yeye hakuwa amemfukuza mtu, ni watu tu walikuwa wakisema. Njeri ndiye aliyetangulia: aliruka chini kutoka kwenye lori na kuanza kuburuta godoro lake kulirudisha ndani. Nilimsaidia kushika upande wa pili.

Baba Njeri alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, mikono nyuma. Baba alipomwendea na kunyoosha mkono, aliupokea, lakini hakutabasamu. Aliuliza tu, "Unataka mafuta?"

"Nijazie."

Akaleta faneli. Akatandika kile kitambaa cheupe, akavuta dizeli polepole, ikapita yote. Alipomaliza hakukikung'uta wala kukikunja. Alikishika kwa ncha zake, akakinyoosha mbele ya uso wa baba.

"Umeona?"

Baba akainama, akakiangalia kwa makini kama mtu anayesoma. "Nimeona," alisema.

Baba Njeri alifanya hivyo kila baba alipokwenda kununua mafuta pale, miaka yote waliyoishi kwetu, hata baada ya wao kuwa marafiki wa kuchangiana michango na kuzikiana wazee. Hakuacha hata mara moja, na baba hakuwahi kumwambia inatosha. Aliinama kila mara.

Kibet alirudi na bisibisi ya jirani, akafungua boneti, akanipisha. Nikamwambia chujio la hewa mimi sifungui, afungue yeye. Vishikizo vya kifuniko cha chujio vikaachia, vumbi likaruka.

"Watu wa grup wamejibu tena, Kugo," alisema, mkono mmoja ukienda mfukoni. "Sasa wanasema ni turbo."

"Umeona?"

"Bado."

"Basi inama."